Safu ya Kabla

Najua ukoo wa kila mtoto wa Matafanga hadi babu wa nne, na hilo ndilo lililoniponza. Wengine huponzwa na ulevi, wengine na mdomo, na mdomo pia ninao. Lakini safari hii niliponzwa na kujua. Nitajie jina la mtoto yeyote wa kijiji hiki nikwambie mama yake katoka ua upi, bibi yake aligombania mkeka gani na nani, na binamu zake ni akina nani. Nilijivunia hilo kuliko cheti changu cha ualimu, na cheti nimekitundika ukutani.

Kujua huko kulikuwa na kazi yake. Darasa langu la sita lilikuwa na watoto thelathini na wanane na madawati kumi na tisa. Mwalimu Mkuu, Bwana Moala, aliamuru kila mvulana akae na msichana ili wavulana waone haya na kelele zipungue. Sawa, amri ni amri. Lakini kwetu Tonga kaka na dada hawakai bega kwa bega wakishapata akili, na binamu ni kaka na dada vilevile. Mbele ya dada yako hakuna utani wa chooni, hakuna habari za mwili wala za mapenzi, mkeka wake huukalii, na akiingia yeye wewe ndiye unayepisha. Mwalimu mgeni angewachanganya ovyo. Mimi Lupe nilikaa jioni nzima na karatasi, nikafuta na kupanga upya, mpaka hapakubaki dawati lenye damu moja.

Aliyenirahisishia kazi ni Losaline. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, ameletwa kutoka kisiwa cha Motulei baada ya wimbi kubwa kufagia nyumba zao. Mama yake alikwenda Australia kuchuma matunda, naye akaachwa kwa Bibi Kalisi, ndugu wa bibi yake mzaa mama. Zaidi ya huyo bibi, hakuwa na mtu Matafanga. Nikamweka na Penisoni, mtoto wa Mwalimu Mkuu, ambaye ukoo wake naujua kama vidole vyangu. Nikajiambia, hapa pana usalama.

Siku ya kwanza nilipomwonyesha dawati, alibaki amesimama.

"Losaline, kaa."

"Nitakaa chini, Mwalimu."

"Chini wapi?"

"Sakafuni."

"We mtoto, hapa si kwenye mashua. Kaa nilipokwambia."

Alitoka nje akaenda kuketi chini ya tangi la maji mpaka kengele ya mapumziko.

Wiki ya pili alipindua dawati, madaftari yakatapakaa mpaka mlangoni. Wiki ya tatu alichana kitabu cha afya vipande viwili. Ijumaa moja tuliwawekea watoto filamu, na katikati yake akang'oa waya ukutani. Darasa zima likapiga mayowe utadhani nyumba inaungua. Kila nilipomuuliza sababu alinikazia macho, jambo ambalo kwetu mtoto hamfanyii mkubwa, akasema, "Sina la kusema."

Nikamchapa. Fimbo imepigwa marufuku shuleni, na kila shule ina kabati ambamo fimbo imo. Nilimchapa siku nne tofauti. Hakulia hata siku moja, na hilo lilinikasirisha kuliko dawati lililopinduliwa. Siisimulii hadithi hii ili nionekane malaika.

Mwezi wa tatu tuliitwa mjini kwa mafunzo ya siku mbili ya kuwaelewa watoto wenye tabia ngumu. Chai ilikuwa nzuri na keke, maandazi yetu ya mviringo, zilikuwa za moto, kwa hiyo nilikaa mstari wa mbele. Mkufunzi alikuwa binti mdogo aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Akachora safu tatu ubaoni: Kabla, Tendo, Baada. Akasema mtoto hafanyi fujo bure. Tuandike kila mara kilichotangulia, alichofanya, na kilichofuata, tutaona wenyewe.

Nikanyoosha mkono. "Mwanangu, sisi tuna safu moja tu. Fimbo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Yule binti naye akacheka, kisha akauliza kwa upole, "Na imekusaidia, Mwalimu?"

Wenzangu wakacheka zaidi. Mimi sikucheka tena.

Nilirudi na hasira, nikanunua daftari dukani, nikachora zile safu tatu. Sikulinunua ili nijifunze. Nililinunua ili mwisho wa mwaka nimpelekee yule binti nimwambie: haya, tazama, kuna mtoto ambaye safu yake ya Kabla ni tupu. Mistari miwili ya kwanza niliandika hivi: "Kabla: hakuna. Bila sababu." Lakini mimi ni mbishi, na mbishi wa kweli hataki kuambiwa amedanganya. Nikaanza kuandika kila kitu: nani alikaa wapi, nani alisema nini, mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Ile miwili nikairudia, na fujo zote za tangu siku ya kwanza, kabla sijanunua daftari, nikazijaza kwa kukumbuka.

Mwezi wa tano Penisoni alipata jipu gotini, akalala nyumbani siku tano. Siku hizo tano Losaline alikuwa mtoto mwingine. Alifagia darasa bila kutumwa. Alimfundisha jirani yake sehemu za hesabu kwa kugawanya muhogo wa kuchemsha, wakaila hesabu yenyewe. Nilisema maombi yangu yamejibiwa, na katika safu ya Baada nikaandika kwa herufi kubwa: MUNGU NI MWEMA. Hata sikutazama dawati lililokuwa na nafasi wazi.

Jumatatu Penisoni akarudi akichechemea, na kabla ya saa nne kiti kilikuwa kimeruka.

Basi tukafika mwezi wa sita, siku za mazoezi ya ngoma kwa ajili ya sikukuu ya shule. Wanafunzi walikuwa uani, wengine wanapiga makofi, wengine wanatafuta cha kuchezea. Watoto ni watoto: msichana anayemkimbia mvulana kila siku, watasema anampenda. Wakaanza kuimba, "Losaline na Penisoni, harusi lini, harusi lini!" Penisoni si mtoto mbaya, ila alikuwa na wenzake, na mbele ya wenzake mvulana wa miaka kumi na mmoja hana akili. Akachuma ua, akamwendea kwa maringo kama bwana harusi, akamchomekea nyuma ya sikio.

Losaline alikuwa ameshika kopo la bati la kuchotea maji. Alimpiga nalo mdomoni. Jino moja la mbele likadondoka mchangani, na damu ikamchafulia Penisoni shati.

Bwana Moala ni mtu mrefu, mwenye sauti ya taratibu, anayehubiri kanisani Jumapili moja kila mwezi na hakuna anayesinzia. Sijawahi kumwona akipiga mtu kofi. Alituita ofisini mimi na Losaline siku ileile, akaweka kalamu sambamba na ukingo wa meza.

"Losaline," alisema, "nakupa njia mbili. Ya kwanza, Jumatatu utapiga magoti mbele ya shule nzima, umwombe radhi Penisoni. Kisha mtakaa dawati moja mpaka siku ya mtihani, mzoeane kama watu. Ya pili, unafukuzwa leo. Ukifukuzwa, mtihani wa kuingia sekondari hufanyi, na upande huu wa kisiwa hakuna shule itakayokupokea."

"Kupiga magoti nitapiga," Losaline alisema. "Kukaa naye sikai."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua, Mwalimu Mkuu."

"Rudia basi kwa adabu."

"Tafadhali, Mwalimu Mkuu, kukaa naye sikai. Nifukuze."

Mtoto huyu alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu na wa pili kwa kusoma. Mtihani ule ndio ulikuwa mlango wake pekee, na yeye mwenyewe alilijua hilo, maana midomo ilimtetemeka alipolisema neno la mwisho. Lakini alilisema. Moala akamwambia atoke, akasukuma barua mbele yangu. Kumfukuza mtoto kunahitaji saini ya mwalimu wa darasa.

"Saini, Mwalimu Lupe."

"Kalamu yangu imekauka."

"Chukua yangu."

"Yako nayo imekauka."

Alifunika kalamu yake. "Kesho saa tisa kamati ya wazazi inakaa. Usiposaini mbele yao, nitaomba uhamishwe. Kuna shule kule kaskazini ambako meli inafika mara moja kwa mwezi."

"Nitabeba mkeka wangu," nikasema, nikatoka.

Nisijisifu. Saa ile sikuwa nimeelewa lolote. Nilikataa kwa kuwa nimezaliwa na shingo ngumu, na kwa kuwa kuna kitu kilinikwama kama mwiba wa samaki: mtoto anakubali kupiga magoti mbele ya watu mia mbili, halafu anakataa kiti.

Nikachukua daftari, nikaenda moja kwa moja kwa Bibi Kalisi. Jua lilikuwa bado kali. Bibi alikuwa kibarazani anasuka mkeka wa mazishi, mpana kuliko chumba changu, na Losaline alikuwa nyuma ya nyumba anakuna nazi. Niliketi, nikashika ukindu upande wangu, maana kwa Bibi Kalisi huzungumzi mikono mitupu.

"Bibi, mwanao anafukuzwa kesho."

"Nimesikia. Kijiji hiki hakihitaji redio."

"Nina daftari hapa. Nimeandika fujo zake zote. Nisaidie, mimi nimeshindwa."

"Mwalimu ameshindwa, anakuja kwa mwanamke aliyeishia darasa la tatu." Alicheka bila kuinua macho. "Soma."

Nikasoma. Penisoni hivi, Losaline vile. Mistari kumi na mitatu. Nikaona mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba jina la Penisoni halikosekani hata kwenye mstari mmoja, na kwamba zile siku tano za jipu zilikuwa tupu. Nikasema, "Kumbe anamchukia yule mtoto."

"Soma tena," Bibi Kalisi alisema. "Ila acha majina. Sema msichana, sema mvulana."

Nikaanza upya. Msichana alipokalishwa karibu na mvulana, alitoka nje. Mwenzao alipotania habari za chooni mvulana akisikia, msichana alipindua dawati ili utani ukatike. Mwalimu alipofungua somo la mwili wa binadamu, mvulana akiwa hapo, msichana alichana kitabu. Filamu ilipofika mahali watu wanabusiana, na mvulana...

Sikuumaliza mstari wa nne. Ukindu ulinidondoka.

Ungemsomea mistari ile Mtonga yeyote, hata mlevi anayerudi kutoka kunywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, angekwambia hao ni nani. Na mimi, mwenye vizazi vinne vya kila ukoo kichwani, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwa miezi mitatu nisione, kwa sababu nilikuwa na hakika najua. Miaka kumi na miwili nyuma Bwana Moala alikwenda kufundisha Motulei mwaka mmoja. Mkewe alibaki hapa Matafanga, ana mimba ya Penisoni. Hilo nalo nililijua. Mimi si najua kila kitu?

"Bibi," nikasema kwa sauti ndogo, "nani mwingine anajua?"

"Anajua nini? Mimi sijasema kitu, Mwalimu. Mimi nasuka mkeka."

Losaline alikuwa amesimama pembeni, mikono imejaa machicha ya nazi. Alikuwa amesikia yote.

"Mama aliniambia kabla hajaondoka," alisema. "Alisema Matafanga utamkuta kaka yako, jina lake Penisoni. Umheshimu, na unyamaze. Alisema tukifungua mdomo, watu watasema waliosombwa na maji wamekuja kujitafutia jina la ukoo. Nimemheshimu. Nimenyamaza."

Heshima ile hutunzwa na wawili. Mmoja akivunja, mwingine anasaidiwa na mama, na shangazi, na kijiji kizima kinachomwambia mvulana, we, toka hapo, dada yako huyo. Mtoto huyu aliibeba peke yake, dhidi ya kaka asiyejua, dhidi ya darasa linaloimba harusi, dhidi yangu na fimbo yangu. Hakuwa na neno la kutumia, kwa hiyo alitumia madawati. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

"Losaline, nilikuchapa bure."

"Mara nne," akasema.

"Mara nne. Nisamehe."

Akafikiri. "Ile ya tatu iliuma sana."

"Ya tatu nisamehe zaidi."

Akaitikia kwa kichwa, kisha akanikazia macho yale yale. "Apa kwamba kesho hutasema."

"Naapa sitasema neno ambalo halimo humu daftarini."

"Daftari linasema nini?"

"Linasema ulichofanya. Basi."

Alifuta mikono kwenye sketi. "Hilo wote waliliona," akasema. "Soma."

Jioni ile nilinakili mistari yote kumi na mitatu kwenye karatasi safi, bila jina hata moja.

Kamati ilikaa darasani kwangu, wazazi watano juu ya mikeka. Mwenyekiti alikuwa Toakase, dada mkubwa wa Bwana Moala, mwenye duka, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita meli. Kwetu shangazi si mtu wa mchezo. Watoto wa kaka yake hawana mkubwa kumpita yeye, hata baba yao; ndiye aliyewapa majina, na akisema njoo, wanakuja. Penisoni aliketi ubavuni mwake, mdomo umevimba. Upande wa pili alikaa Losaline na Bibi Kalisi. Mimi nilikuwa nimejifunga mkeka wangu wa kiunoni, vazi letu la heshima, ulio mzuri kuliko yote, kama anayekwenda mazishini.

Toakase hakungoja sala iishe vizuri. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe! Jino la mtoto wangu liko wapi? Litaota tena? Nani ataoa mtu asiye na jino? Tunawapokea watu wa wimbi, tunawapa mablanketi, tunawapa nyama ya kopo, wanatulipa kwa makopo ya mdomoni! Saini hiyo barua, Mwalimu Lupe, tukapike."

"Nitasaini," nikasema, "Mwalimu Mkuu akishanisomea karatasi hii kwa sauti. Ni zoezi la yale mafunzo ya mjini. Majina nimeyaacha."

Bwana Moala alitabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa. Akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya kanisani.

"Moja. Msichana alikalishwa karibu na mvulana. Alisema atakaa sakafuni. Alipokatazwa, alitoka nje. Mbili. Mwenzao alitania habari za chooni mvulana akisikia. Msichana alipindua dawati, utani ukakatika. Tatu. Somo la mwili wa binadamu, mvulana yupo..."

Mzee Fonua, mjumbe wa kamati mwenye masikio mazito, alikuwa amechelewa kuja na hakujua tunasoma nini. Alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio, anasikiliza kwa furaha kama mtu anayesomewa Biblia.

"Nne," Bwana Moala akasoma. "Filamu ilipofika mahali watu wanabusiana, msichana alizima." Hapo sauti ilishuka. "Tano. Mvulana aliukalia mkeka wa msichana. Msichana aliuvuta, akaenda kuufua, akauanika. Sita. Mvulana aliugua siku tano. Siku hizo..."

Miwani yake ilielekea kwenye karatasi lakini macho hayakuwa yanasoma.

"Endelea," alisema Toakase. Sauti yake ya kuita meli ilikuwa imekwisha.

Bwana Moala alivua miwani.

Mzee Fonua akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo binti amelelewa vizuri!" akasema kwa kelele, kama wasemavyo viziwi. "Siku hizi huwaoni tena wanaomheshimu kaka yao hivyo. Ni wa nani huyo?"

Wale wazazi wengine walianza kutazama mikeka, kila mtu ameona uzi unaomvutia. Bibi Kalisi alinyoosha mgongo. Losaline alikuwa amekaza macho mbele, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Nilimwona akilia kwa mara ya kwanza, mtoto ambaye fimbo yangu ilishindwa.

Mimi nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kusema, msomeeni Mzee Fonua jibu, Mwalimu Mkuu, wewe una sauti nzuri! Lakini nilikuwa nimeapa.

Ndipo Penisoni alipoinuka. Hakuna aliyemwambia. Alimtazama baba yake, akamtazama yule msichana mara moja tu, haraka, kisha akashusha macho. Akainama, akapita mbele yetu ameinama hivyo hivyo mpaka mlangoni, akatoka. Akaketi kwenye ngazi ya nje, ametupa mgongo. Alikuwa amempisha.

Toakase alimtazama yule mtoto mgongoni. Kisha akamgeukia mdogo wake, ambaye kwa mila yetu hawezi kumfokea mbele ya watu habari za namna ile, na nadhani siku hiyo mila ilimwokoa Bwana Moala na kipigo. Alinyoosha mkono, akachukua ile barua ya kufukuza, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya paja lake. Kutoka hapo, hakuna ambaye angeipata.

"Kikao kimekwisha," alisema.

"Na jino?" mmoja aliuliza.

"Meno anayo mengine."

"Nitaomba radhi kwa jino," alisema Losaline. Sauti ilikuwa inakwaruza lakini ilisikika mpaka nje. "Jumatatu, mbele ya shule, nitapiga magoti. Kukaa naye sikai."

"Nani kakwambia ukae naye?" Toakase alifoka, akapenga kamasi kwenye kanga yake. "Akithubutu mtu kukukalisha naye, niite mimi. Na wewe usipige magoti popote. Jino nimelisamehe mimi. Njoo hapa nikuone sura."

Losaline alimtazama Bibi Kalisi kwanza. Bibi aliporuhusu kwa kuinua nyusi, ndipo akaenda.

Jumatatu nilipofika darasani nilikuta dawati limesogezwa hadi kona ya mlangoni, na Penisoni amekaa pale peke yake, madaftari yamepangwa; Losaline alikuwa amejibana kwenye dawati la wasichana wengine. Sikumuuliza. Saa nne Semisi, mchekeshaji wetu, alianza ile hadithi yake ya chooni. Penisoni alisimama, akainama, akatoka nje. Vicheko vikakatika. Watoto thelathini na sita wa Kitonga walimtazama anavyotoka, kisha wote pamoja wakageuka kumtazama Losaline. Mvulana kutoka namna ile kuna maana moja tu, na wanaijua tangu wananyonya. Saa sita kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyekuwa amesema. Losaline aliendelea kuandika hesabu zake. Dawati lake lilibaki limesimama, na mpaka mtihani ulipokuja hakulipindua tena.

Alhamisi ile Bwana Moala alisimama mlangoni kwangu baada ya watoto kuondoka.

"Lile daftari, Mwalimu Lupe. Nipe nikalihifadhi ofisini."

"Hapana."

"Ni mali ya shule."

"Nimelinunua mwenyewe, Mwalimu Mkuu, dukani kwa dada yako. Muulize."

Aligusa fremu ya mlango, akaenda zake. Mpaka leo hajamwita yule mtoto kwa jina lolote zaidi ya lile lililo kwenye orodha. Kama alijua tangu siku Losaline aliposhuka kwenye mashua ya Motulei, au alijua pale kwenye mstari wa tano, mimi sijui, na ni jambo la kwanza Matafanga ambalo nakubali kuwa sijui.

Uhamisho wangu haujaja. Ukija nitabeba mkeka. Daftari ninalo, na ukurasa wa mwisho nimeuanza upya, kwa jina la mtu mzima. Kabla: mwaka mmoja, Motulei. Tendo: alinyamaza. Safu ya Baada nimemwachia wazi, aijaze mwenyewe. Kalamu anayo.